Baba na Ng'ombe Wake Mbele ya Kamati ya Basari

Jamani, leo baba yangu nusura anikoseshe basari ya karo ya chuo kwa mdomo wake mwenyewe!

Njia nzima hadi mjini Garsen nilimsihi, "Baba, wakiuliza, sema tu hatuna kitu." Akaitikia vizuri kabisa.

Tukaingia mbele ya kamati. Mama mmoja akamuuliza, "Mzee, una ng'ombe?"

Weee! Mfugaji wa Kiorma akiri mbele za watu kwamba hana ng'ombe?

Baba akakohoa, akaanza kuwataja mmoja mmoja. Yule mwekundu mwenye pembe pana. Yule mweupe wa maziwa mengi, na mama yake pia!

Wanakamati wakatazamana. Mimi macho sakafuni, naona chuo ndicho hicho kinaniponyoka.

Yule mama akauliza taratibu, "Na sasa wako wapi, mzee?"

Baba akasema, "Ukame uliwamaliza. Wote."

Hakuna aliyeuliza swali jingine. Nimepita, jamani! Nimepata basari!

Saa hii tuko nyumbani, na Baba anamwambia kila jirani anayepita, "Ng'ombe wangu ndio wanaomsomesha huyu."

Nimemwacha aseme. Nyinyi mngembishia?