Chai Inapanda Lifti

Kila asubuhi kazini kwetu chai ilipanda lifti na Shangazi akapanda ngazi. Nasema kama ilivyokuwa, sitii chumvi. Shangazi alikisukuma kitoroli chake kutoka jikoni, chupa nne za chai na vikombe vilivyofunikwa kitambaa, akakiingiza kwenye lifti, akabonyeza sita, kisha akatoka upesi kabla mlango haujajifunga. Mimi, mfagizi, nilikuwa juu nikikingojea nikivute nje. Yeye alifika baadaye, anahema, mkono kiunoni, akiuliza kama mzigo wake umefika salama.

Sababu ni kwamba lifti haikuwa ya watu wa mkataba. Nani alisema? Hapo ndipo damu inaponichemka mpaka leo. Mimi niliambiwa na mfagizi aliyenitangulia, naye aliambiwa na mwingine aliyekwisha kuondoka, na huyo mwingine Mungu ndiye anayejua aliambiwa na nani. Jengo lilikuwa na wenyewe, ofisi kubwa ya ghorofa ya sita. Sisi hatukuwa watu wa ofisi hiyo. Tulikuwa wa kampuni iliyotuleta pale kufagia na kupika chai. Mlinzi wa mlangoni naye alikuwa wa kampuni nyingine kabisa. Chini ya paa moja tulikuwa na mabwana watatu, na hakuna bwana aliyezungumza na mwenzake. Amri zilitufikia kama umbea.

Wiki moja tuliambiwa vitambulisho vivaliwe shingoni muda wote. Wiki iliyofuata Shangazi akafokewa mbele ya wageni kwa kuingia na kitambulisho shingoni kwenye chumba cha mikutano. Maji ya kunywa ya kwenye korido tuliyanywa mwaka mzima, halafu siku moja mtu akatutazama vibaya, tukaacha wenyewe. Ndivyo tulivyoishi. Mtu akikukunjia uso, unarudi jikoni na sheria mpya.

Mlinzi tulimpa jina la Sijaambiwa, kwa kuwa ndilo lilikuwa jibu lake la kila kitu. Umeme unarudi saa ngapi? Sijaambiwa. Leo geti la nyuma liko wazi? Sijaambiwa. Hakuwa mtu mbaya, na chai ya Shangazi aliinywa vikombe viwili kila asubuhi. Ila naye alikuwa wa mkataba, na mwenzake wa zamu alikuwa ameondolewa kazini kwa kumruhusu fundi bomba apite mlango wa mbele. Tangu hapo akawa hainui mguu mpaka aambiwe.

Shangazi si shangazi yangu wa damu. Jengo zima lilimwita hivyo, mabosi kwa wahudumu. Alikuwa mwanamke mnene wa wastani, sauti ya kupasua, mcheshi, asiyependa kabisa kuonewa huruma. Mumewe alifariki watoto wakiwa wadogo, akawalea kwa chai: kwanza kwenye karakana ya magari, kisha shuleni, mwisho pale kwetu. Wakubwa walishajitegemea. Alibaki na binti wa mwisho anayesomea ufundi wa umeme, na mjukuu mmoja aliyeachiwa kwa wiki mbili akakaa moja kwa moja. Nyumba nzima ilisimama juu ya chai ile. Mimi alinitania kwamba nafagia kama mtu aliyepoteza pete, nami nikamjibu kwamba chai yake ya saa kumi ni maji yaliyopita karibu na majani.

Hiyo chai ya saa kumi ndiyo iliyokuwa balaa, kwa sababu saa hizo mimi nilikuwa chini nasafisha vyoo. Kitoroli kilipanda bila mpokeaji. Mtu wa ghorofa ya nne akiita lifti, mlango unafunguka, anakuta chai imemfuata. Wahasibu wa ghorofa hiyo walishazoea. Walijimiminia, wakakirudishia kitambaa, wakabonyeza sita. Juu zikafika chupa nyepesi, na anayeulizwa kwa nini chai haitoshi ni Shangazi. Tulicheka mpaka machozi jikoni. Siku hizi sioni la kuchekesha.

Goti lilianza kumsumbua kidogo kidogo. Mwanzoni alisema ni baridi. Baadaye nikaona anapanda akitanguliza mguu mmoja tu, ule mwingine anauvuta uufuate. Nilimwambia apumzike kwenye kila ghorofa, akasema chai haipumziki. Kila nilipomshika mkono aliutoa, akaniuliza kama nimekuwa fimbo.

Jumapili moja nilikwenda kwake. Vyumba viwili, pazia la maua katikati, meza imejaa nyaya na balbu za binti yake. Binti alikuwa amepiga magoti sakafuni anamkanda mama yake kwa kitambaa cha maji ya moto. Goti lilikuwa limevimba likang'aa. Nilidhani nimezoea kuona maumivu, lakini lile goti lilinitia hofu. Binti akaniambia, bila kumtazama mama yake, kwamba daktari amesema kazi anaweza kufanya, chai anaweza kupika, ila ngazi basi. Akiendelea nazo, goti halitapona tena.

"Mama nimemwambia aache, hataki," akasema. "Hebu mwambie wewe dada, labda atakusikia."

"Niache kazi ule hizo nyaya?" Shangazi akamjibu. Kisha akanigeukia mimi, sauti imeshuka. "Mwanangu, sitaki kuacha. Nataka tu kupanda lifti na chai yangu. Si lifti inapanda haina mtu? Nafasi ipo."

Tukakubaliana aulize. Nacheka ninapokumbuka jinsi tulivyodhani kuuliza ni jambo dogo.

Tulianza na msimamizi wa kampuni yetu. Huyu alikuja mara chache, kwa pikipiki, na kofia yake ya pikipiki hakuivua hata akiwa jikoni, kwa hiyo kila ulichomwambia hukujua kama amekisikia. Shangazi alimweleza habari ya goti na ya daktari. Alisikiliza akitazama simu, kisha akasema lifti ni mali ya jengo, hilo tukaulize kwa wenye jengo. Tukaenda ofisi ya wenye jengo. Dada wa mapokezi, kwa upole sana, akasema wao hawashughuliki na wafanyakazi wa kampuni, kwa hiyo tumwone msimamizi wetu. Tukamrudia msimamizi, akasema lakini si alishatujibu? Tukarudi kwa dada, tukakuta yuko likizo, na aliyeshika nafasi yake hajui lolote. Wakatupiga danadana hivyo kwa majuma, na kila danadana ilikuwa na ghorofa sita za kupanda na sita za kushuka. Kuomba ruhusa ya kutopanda ngazi kulimpandisha Shangazi ngazi nyingi kuliko chai.

Wenzetu nao hawakutusaidia. Walimwambia anyamaze, asije akatuharibia. Mmoja alisema tukiuliza sana watagundua kwamba tunakula chakula stoo, na stoo hakuna anayejua kama inaruhusiwa. Nilimkasirikia, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa nakula humo humo.

Mwisho Shangazi akachoka kuzungushwa. Asubuhi moja, akimmiminia chai meneja wa ile ofisi ya ghorofa ya sita, alimuuliza uso kwa uso. Nilikuwa nafuta dirisha, nilisikia kila neno. Alimwambia, bosi, samahani, goti langu ni bovu, naomba ruhusa ya kutumia lifti. Meneja akaweka kalamu chini. Alionekana ameshangaa kweli.

"Kwani nani alikukataza?"

"Ndiyo sheria, bosi. Watu wa mkataba hatupandi."

"Sheria gani hiyo? Mimi niko hapa tangu jengo linafunguliwa, sijawahi kuisikia." Akacheka, si kwa ubaya. "Panda lifti, Shangazi. Lifti ni ya watu."

Kitambaa kilinianguka mkononi. Sikujua nifurahi au nilie. Miaka yote ile ya kuvuta mguu, na hakukuwa na sheria. Shangazi alisema asante bosi, akatoka akijishikilia ukutani. Kwenye korido akaanza kucheka peke yake, kisha akaacha ghafla. Akanishika bega akasema, "Tumeonewa na nani sasa?"

Alikwenda moja kwa moja kwenye lifti, akashuka nayo. Ilipofika chini na mlango kufunguka, Sijaambiwa alikuwa amesimama pale pale. Akaruka kama ameona moto. Shangazi akamweleza kwamba meneja mwenyewe amesema. Mlinzi akaomba radhi, akasema anamwamini kabisa, ila yeye hajaambiwa. Akiambiwa na watu wake, atamfungulia mlango kwa mikono miwili. Kwa leo amsamehe, amemwona anashuka lakini asimwone anapanda, kwani ana watoto.

Nilimtolea maneno siku ile. Nilimwita majina ambayo sitayarudia hapa. Yeye akatazama chini, na Shangazi ndiye aliyeniambia niache, huyu naye ni sisi.

Basi tukangoja Sijaambiwa aambiwe. Msimamizi wetu alisema amefurahi suala limekwisha. Meneja tulijua ameshasahau. Shangazi aliendelea kupanda, na safari hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu zamani alipanda kwa sheria na sasa alikuwa anapanda bure. Aliacha utani. Akifika juu hakuuliza habari za mzigo, alikaa tu kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa.

Siku ya wageni wakubwa ikafika. Chai ilitakiwa mapema na kwa wingi. Nilikuwa nimeshuka kumsaidia kusukuma, na tulipofika mbele ya lifti tukamkuta meneja naye anaingoja, tai imemkaa vizuri, anatazama saa. Nikamgusa Shangazi ubavuni. Hakuhitaji kuguswa.

"Bosi, ulisema nipande lifti. Naomba umwambie mlinzi, mbele yangu."

Meneja akamtazama mlinzi, mlinzi akasimama wima. Kwa dakika hiyo niliamini yamekwisha. Neno moja tu lilitakiwa, na mwenye neno alikuwa pale, na wa kuambiwa alikuwa pale.

"Wewe uko kampuni gani?" meneja akamuuliza. Mlinzi akataja. Meneja akakunja midomo, akafikiri. "Aa. Basi hapo siwezi kumpa maagizo moja kwa moja, itaonekana nimeingilia. Inabidi ipitie kwenye kampuni yake. Nitawaandikia."

"Basi leo nipande na wewe," Shangazi akasema. "Nikiwa na wewe hatanizuia."

Lifti ikafunguka. Meneja akaingia, akakivuta kitoroli ndani yeye mwenyewe, kwa adabu kabisa, akakiweka pembeni. Alimtazama Shangazi, kisha mlinzi, kisha saa. "Tusimweke kijana kwenye matatizo," akasema. "Ngoja nishughulikie utaratibu. Fanya haraka Shangazi, wageni wamekaa." Na mlango ukajifunga, yeye na chai.

Nilimwambia Shangazi tusipande. Nilimwambia tukae hapa hapa chini, chai wajimiminie wenyewe. Akasema mwezi huu ndio mkataba unapitiwa upya, kama si mwezi ujao, nani anajua. Akashika reli. Nilimfuata nyuma, mikono nimeinyoosha kama mtu anayefundisha mtoto kutembea. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu alipanda bila neno. Kabla ya kufika ya nne nilisikia mlio mdogo, mkavu, na Shangazi akakaa kwenye ngazi taratibu kama mtu aliyeamua kupumzika. Aliushika mguu kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Sasa umekwenda."

Wahasibu wawili wa ghorofa ya nne walinisikia nikiita. Wakambeba mmoja huku mmoja huku, wakamwingiza kwenye lifti. Tulipofika chini Sijaambiwa ndiye aliyeushikilia mlango usijifunge, kwa mikono miwili, uso unamvuja jasho. Hakuna aliyeuliza kama ameruhusiwa.

Juma lililofuata nilimkuta mwanamke mwingine jikoni, mpole, anatafuta sukari. Nilimuuliza kama ameshika nafasi kwa muda au amekuja moja kwa moja. Akasema hata yeye hajaambiwa. Nilimpigia msimamizi, akasema suala la Shangazi liko juu. Nilimuuliza juu wapi, simu ikakatika.

Jioni nilikwenda kwa Shangazi. Alikuwa kitandani, mguu umefungwa umenyooshwa juu ya mito, mjukuu amelala kwenye mkono wake. Sare yake ya kazi ilikuwa imepigwa pasi inaning'inia mlangoni. Binti akasema kila asubuhi mama anamwagiza ainyooshe, kwa sababu hakuna aliyemwambia asije.

"Mwanangu, wewe uko huko ndani," Shangazi akaniuliza. "Kazi bado ninayo au sina?"

Nikamwambia sijui.

"Basi kesho niulizie."

Nilisema nitauliza. Binti yake akanitazama, nami nikaangalia sakafu, kwa sababu sikuwa na wa kumuuliza.