Asali Niliyoifungia Ndani Kaburi Likingoja

Sifa zimrudie Mungu, Baba wa watu wote, aliyenipa uzee nisioustahili, wajukuu wanaonipokea fimbo nikifika mlangoni, na akili timamu ya kukumbuka. Namshukuru hata kwa kukumbuka, ingawa huko ndiko kunakoniuma.

Ndugu msomaji, nilikosa. Sikuiba, sikuua, wala sikuvunja sheria yoyote ya nchi. Nilifanya biashara tu. Padre alishanisikia, mke wangu alishanisikia, lakini moyo unaniambia wapo ambao bado sijawaambia: ninyi mnaofungua maduka.

Mimi ni mtu wa Maretadu, huku juu kwenye vilima vya Mbulu. Nikiwa kijana nilishuka na mke wangu na mtoto wetu mchanga, ambaye hapa nitamwita Paskali, nikafungua kiduka karibu na Balangdalalu. Ndiyo miaka ambayo shamba la ngano la serikali lilikuwa likipanuka kwenye uwanda ule, na watu wa mshahara walikuwa wengi.

Tulifika maskini. Mtoto alikuwa amekonda, maziwa ya mama yake yamekauka. Jirani yetu alikuwa mzee mfugaji wa Kibarabaig, mtu mrefu asiyependa maneno. Hakuwa Mkristo. Alimwona mtoto siku moja tu, na kesho yake akamtuma mwanawe alete ng'ombe mwenye maziwa. Mwanawe akasema, "Baba anasema mkamue huyu. Ndama watakuwa wetu. Maziwa ni ya mtoto."

Mwana huyo nitamwita Gida, maana wanaume wengi wa kabila lake majina yao huanza hivyo, na jina lake kamili sitalitaja. Tulikuwa rika moja. Ng'ombe wa baba yake alikaa zizini kwangu mpaka Paskali akawa anakimbia. Mimi na Gida tukawa ndugu.

Sasa nieleze biashara ilivyokuwa. Karibu kila kitu dukani kilikuwa na bei ya serikali: sukari, sabuni, mafuta ya taa, betri. Mwenye duka hakupanga bei, alipangiwa. Ukizidisha unaitwa mlanguzi, na mlanguzi alijua atakakoishia. Kilichobaki mikononi mwetu ni kupanga uuze nini, na lini.

Na hapo nilikuwa hodari, nakiri. Mshahara wa shambani ukikaribia, mimi ninazo sigara na samaki wa kopo. Mnada wa ng'ombe ukikaribia, ninazo shuka nyeusi, shanga na tumbaku. Mzee aliyenifunza kazi huko Mbulu alizoea kuniambia kwamba bei haipangwi siku unayonunua, hupangwa siku mteja anapokosa pa kwenda. Niliyashika maneno yale kuliko katekisimu.

Asali haikuwa na bei ya serikali.

Mwaka mmoja yule mzee aliyetupa ng'ombe alifariki. Wazee wa ukoo wake walikaa kikao kirefu, wakakubaliana kwamba anastahili mazishi makubwa, yale wasiyofanyiwa watu wote. Kwa desturi yao, kaburi la mtu kama huyo hujengwa kwa udongo, fito na samadi, linapandishwa kidogo kidogo kwa miezi mingi mpaka lipite kimo cha mtu. Siku ya kulimaliza, watu hutoka mbali kuja kunywa pombe ya asali. Sukari haikubaliki. Pasipo asali, kaburi halimaliziki.

Na asali ya uwandani ilikuwa imekwisha. Miti iliyokuwa ikitundikwa mizinga ilikuwa imeng'olewa, ngano imepandwa mahali pake. Asali ilikuwa huku kwetu juu, kwenye misitu, tena kidogo, kwa kuwa mvua haikuwa nzuri.

Gida alikuja dukani asubuhi, akangoja wateja waondoke. Akanieleza yote: wazee wamekubali nini, siku itakuwa msimu gani, asali itakayohitajika ni kiasi gani. Akasema, "Wewe una watu Maretadu na Bashay. Wanasikia lugha yako. Niulizie. Na nimekuambia wewe peke yako, maana wachuuzi wa mnadani wakipata habari hii watatukamua."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Ole wangu! Hata kabla hajafika kwake nilikwisha kupiga hesabu. Kwa mara ya kwanza nilijua kitu kitakachotakiwa, nani atakitaka, na atakitaka lini, na kwamba hawezi kukiacha. Hakuna mwenye duka anayepata habari kama hiyo mara mbili katika maisha yake.

Nilipanda Maretadu, nikapita Bashay, nikaingia nyumba kwa nyumba kwa wenye mizinga. Nilizungumza nao kwa lugha ya mama, nikala ugali wao, nikanunua yote waliyokuwa nayo na nikalipia hata ile iliyokuwa bado mizingani. Walinipa kwa bei ya udugu. Walidhani ni ya kuuza kidogo kidogo kwa watu wa shamba wanaotaka dawa ya kikohozi.

Niliyapanga madebe kwenye chumba cha nyuma, nikafunga. Gida alipokuja kuuliza, nikamwambia huko juu asali imeadimika, avute subira. Alinishukuru. Ndiyo, alinishukuru!

Na mimi, ndugu msomaji, nilisali. Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi. Nilikuwa nikisoma somo kanisani siku za Jumapili, watu wakiniheshimu, na nilimshukuru Mungu kwa kunifungulia mlango. Nilijiambia kwamba ile ni pombe ya matambiko, na Mkristo hana wajibu wa kuirahisisha. Nikafikiri tena, nikaona bei kubwa ni kama kuwaonya. Shetani hakuhitaji kuniambia uongo. Niliutunga mwenyewe, kwa maneno ya Biblia.

Mke wangu ni mtu wa maneno machache. Jioni moja alikuwa anachambua maharage, akaniuliza bila kuinua uso, "Baba Paskali, ile asali ni ya nani?"

Nikamjibu kwamba ni ya biashara.

"Biashara ya nani?"

Nikaenda kufunga duka, naye akaendelea na maharage yake.

Msimu ulipofika, Gida alikuja na wazee wawili wa ukoo wake. Kumbe nyuki walikuwa wamenitangulia kusema. Uwandani hapakuwa na maua tena, basi walikuwa wamenusa madebe yangu, wamejaa dirisha la nyuma wanavuma kama mashine. Mmoja wa wazee aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba Paskali, nyuki wa kwenu siku hizi wanaishi kwenye nyumba za bati?"

Mwenzake akacheka. Niliwaamkia shikamoo kwa sauti kubwa, nikasema asali imefika juzi tu. Halafu nikawatajia bei. Niliitaja kwa ng'ombe, jike mmoja kwa kila debe, kwa sababu nilijua fedha hawana.

Hakuna aliyebishana nami. Wabarabaig hawapigii kelele kitu cha marehemu. Gida aliniuliza jambo moja tu, polepole. "Hii ndiyo bei ya serikali?"

Nikasema, "Asali haina bei ya serikali."

"Basi ni yako," akasema. Waliondoka.

Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kimoja. Nilimhesabia Gida ng'ombe aliokuwa nao baba yake siku tulipofika, lakini malisho yalikuwa yamelimwa, na mifugo mingi ilikuwa imekufa au kuuzwa. Majike waliobaki nao walikuwa wachache, na ndio waliokuwa wakitegemewa kwa maziwa. Wangewaleta kwangu, watoto wangelala njaa. Wazee walikaa tena, wakaamua kungoja asali ya msimu unaofuata. Kaburi likasimama nusu, kimo cha kiunoni, kwa kuwa sehemu ya juu haipandishwi pasipo pombe ile.

Nami nikangoja. Nilijua watarudi. Mteja asiye na pa kwenda hurudi.

Makaburi yaliyokamilika, yale marefu, madereva wa matrekta ya shamba la ngano, lililokuwa limefika mpaka huko, walikuwa wakiyaona na kuyazunguka. Gida alikuwa amekwenda mwenyewe kuwaonyesha la baba yake, wakamwahidi. Lakini mvua zilipokuja, udongo usiomalizwa ulibomoka, nyasi zikaota juu yake, na kwa mbali likawa kama kichuguu. Dereva aliyeonyeshwa alikuwa ameondoka. Aliyekuja alikuwa mgeni. Simlaumu. Alilima alichotumwa kulima.

Nilipata habari nikiwa dukani. Nilikwenda kwa miguu, sijui kwa nini nilikwenda. Ardhi yote ilikuwa nyeusi, imepinduliwa, imenyooka mpaka macho yanapokoma. Katikati yake alikuwa ameketi mama yake Gida, mjane wa yule mzee, anaokota udongo kwa mikono na kuuweka kwenye vazi lake la ngozi. Aliokota hapa, akatazama, akaumwaga, akaokota pale. Hakujua upi ndio wa kaburi.

Nilisema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Paskali. Mtoto hajambo?"

Nikasema hajambo. Akaendelea kuchagua udongo. Kisha, bila hasira, kama mtu anayemwuliza jirani habari za mazao, akasema, "Ile asali, imekwisha kupata mtu?"

Mungu wangu! Miaka yote hii sijapata jibu la swali lile.

Nilirudi nyumbani, nikayapakia madebe yote kwenye punda, nikaenda kwa Gida. Nilimwambia achukue, sitaki kitu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, hakunikaribisha, hakunifukuza. Akasema, "Asali ni ya kumaliza kaburi. Kaburi liko wapi?"

Nikavuta kamba ya punda ili nimgeuze.

"Ungeniambia wewe ni mhitaji," akasema, "ningekupa ng'ombe. Ungeniomba tu. Baba alikupa bila kuombwa."

Haukupita mwezi wakahama, wao na ng'ombe waliobaki, wakaelekea upande wa Singida. Asali ile hakuna aliyeinunua. Hakukuwa na mwingine uwandani aliyeihitaji kiasi kile. Hata kama biashara, nilikuwa mjinga. Ilichachuka madebeni. Mke wangu aliimwaga nyuma ya nyumba, nyuki wakaja, wakakaa kutwa nzima. Sikutoka nje siku ile.

Nilikwenda kwa padre. Alinisikiliza, kisha akaniambia nirudishe nilichochukua. Nikamwambia, "Padre, sikuchukua kitu. Nilinyima." Naye akasema basi nimtafute mtu mwenyewe.

Sikumtafuta upesi. Aibu ina miguu mizito. Paskali alikuwa amekwisha kuoa nilipopata ujasiri. Nilimkuta Gida kwenye mnada wa mbali, nywele nyeupe, mwembamba. Alinitambua kabla sijamtambua. Alinisalimu kama inavyotakiwa, akauliza mke, akauliza Paskali na watoto wa Paskali, kisha akanipeleka kwake na kunipa maziwa ya mgando. Nilishindwa kuyanywa. Alinitazama, akasema niyanywe, ni maziwa tu. Nikayanywa nikilia, mtu mzima.

Nilimwambia yote, tangu safari ya Maretadu na Bashay. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema alijua siku ile ile, kwa wale nyuki dirishani. Aliwaambia wazee njiani, "Asali hii imekaa siku nyingi," na wao wakamwonya asitamke tena, kwa sababu kumshtaki rafiki kwenye msiba wa baba ni kumtukana baba.

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti, ingawa kwao si desturi.

Akaniinua. Akasema, "Mimi nimekusamehe zamani. Ningekaaje na chuki miaka yote hii? Lakini kaburi si langu. Mwenye kaburi hajasema neno, na mama amekufa akilingojea neno hilo."

Nilirudi Maretadu na jibu hilo. Naishi nalo mpaka leo, kwa shukrani, kwa sababu ni jibu la kweli na alinipa kwa upole. Kila siku namwomba Mungu, ambaye kwake wafu ni hai, kwamba siku atakaponiita anikutanishe kwanza na yule mzee mrefu aliyemnywesha mtoto wangu bila kuombwa. Sitajitetea. Nitamwamkia tu, kisha nitangoja kama ataitikia.

Wewe mwenye duka, panga biashara yako. Jua watu watataka nini, si dhambi. Pata faida ule na watoto wako. Lakini mtu akikuletea haja yake kwa sababu anakuita ndugu, usiifanyie hesabu. Habari ya msiba si habari ya soko. Na usiniambie sheria haikukataza, wala usitumie imani yako kumwona mwenzako kuwa mdogo ili umkamue kwa amani. Nilipita njia hiyo, na mwisho wake nilimkuta mama mzee akichagua udongo.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akubariki. Abariki mzani wako na mkono unaoushika, awape watoto wako maziwa kwa mikono ya majirani wema, na wafu wako walale mahali unapopajua. Amina.