Kuonja Maji ya Mto

Kwetu, chini ya Garsen, mpunga haumwagiliwi kwa pampu. Bahari ikijaa huusukuma mto urudi nyuma, maji matamu yanapanda, nasi tunafungua mlango wa mfereji yaingie shambani. Lakini mvua za huko juu zimekuwa za kubahatisha, mto umekonda, na siku hizi bahari inakuja yenyewe. Chumvi ikiingia, msimu umekwisha, na mwaka huu tulikuwa tumemwaga mbegu yetu yote kitaluni.

Kwa hiyo kabla ya kufungua, mama huonja. Anateka kwa kiganja, anasukutua, anatema. Akisema matamu, tunafungua. Mimi nani nimbishie?

Bamvua la mwezi uliopita, bahari ilipojaa kupita siku zote, alionja, akasema matamu. Nikafungua. Asubuhi hiyo hiyo dada yangu aliyeolewa Ngao, wanakokunywa maji ya kisima, akafika kutusaidia kupandikiza. Nikampa chai. Akapiga funda moja, akakunja uso.

"Mama, kwani siku hizi chai mwatia chumvi?"

"Chumvi ya nini? Kunywa, mwanangu, usinichekeshe."

Nikaonja yangu. Ilikuwa chai tu. Nikaonja tena, na hapo hofu ikanishika: maji ya chai na maji ya mfereji ni ya mto mmoja, na sisi tumeyanywa kila siku yakibadilika kidogo kidogo. Ndimi zetu zimeyazoea! Nilitoka mbio, nikashindilia matope mlangoni kwa mikono. Miche ya karibu ilikauka ncha, ikafa. Ya mbali ilipona.

Nilimhurumia mama, nikajihurumia zaidi.

Tangu siku hiyo anayeonja ni dada. Tumemwomba akae mpaka mavuno, na mumewe amekubali shingo upande. Kijiji kimepiga marufuku kukata mikoko kule mto unapomwagika baharini, na tumepanda mingine ipunguze makali ya maji chumvi. Lakini mikoko inakua polepole, nami usingizi umenihama. Kila majirani wakitaka kufungua mifereji yao, wanamwita dada kwanza.

Bamvua jingine ni kesho kutwa. Leo asubuhi nilimmiminia chai ya maji yale yale ya mto, ambayo sasa ameyanywa nasi karibu mwezi, nikakaa kumtazama uso. Alikunywa yote bila kukunja uso, akanisogezea kikombe nimwongeze.