Burulai na Mtu Asiyekasirika

Katika kituo cha maziwa cha Akbulung, namba ya laktomita, kipimo kinachofichua maziwa yaliyotiwa maji, hutangazwa kwa sauti. Mpimaji wa zamani alikuwa akinong'ona, na kwa kunong'ona huko maziwa ya jamaa zake hayakuwahi kukataliwa hata siku moja. Burulai alipochukua kazi hiyo, wanakijiji walimwekea sharti moja tu: pima, soma, tangaza. Ishirini na nane kwenda juu, debe linamiminwa kwenye tangi la kiwanda cha jibini. Chini ya hapo, mwenye debe anarudi nalo nyumbani, macho ya foleni nzima yakiwa mgongoni mwake.

Burulai alikuwa na miaka thelathini na minne, na miaka mitatu kati ya hiyo aliishi chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka yake, baada ya kuachana na mumewe, Almaz. Hakuwa mtu wa kulalamika. Asubuhi maziwa, mchana kusafisha tangi, jioni maziwa tena. Watu walimheshimu, na walipomsema, walimsema jambo moja: kwamba aliishi na mwanamume mbaya miaka minane bila kunyanyua mguu kuondoka, kwa hiyo mwema hatamuweza.

Na sasa mwema alikuwa amekuja. Ermek, fundi umeme wa kijiji, alikuwa na miaka thelathini na minane na hajaoa, kwa sababu alimuuguza baba yake miaka kumi. Alifika kituoni kutengeneza waya wa tangi, akarudi upepo ulipovuma kuona kama waya uko salama, kisha akawa anarudi hata upepo usipovuma. Alibeba madebe. Alizoa theluji na matope kwa koleo kabla watu hawajaamka, ili Burulai apite. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, na vijana walimwita Pamba.

Mama yake, Mama Sonun, alikuwa ametuma habari: Ijumaa atakuja na hereni. Mama wa mwanamume akishamvalisha msichana hereni, neno limekwisha, huyo ni mchumba wa watu. Kwa mwanamke aliyekwisha kuachika wengi huiruka desturi hiyo, wakapeana chai na kumaliza. Mama Sonun alikataa. Mwanawe, alisema, haoi kwa kificho kama anayenunua ng'ombe mgonjwa.

"Basi una siku nne za kuamua," alisema wifi yake, Gulsun, huku akikanda unga. "Ukitaka kukataa, kataa kabla ya Ijumaa. Ukimkatalia yule bibi hereni ziko mkononi, tutahama kijiji."

"Sijasema nakataa."

"Hujasema unakubali pia. Wifi, nikuambie ukweli? Sisi wanawake tumelogwa. Mtu akitutukana tunamkimbilia, akitufungulia mlango tunajiuliza ana kasoro gani."

"Usiseme sisi. Sema wewe."

"Mimi? Mimi nimeolewa na kaka yako. Yule si mwema wala si mbaya, ni mzito wa kuamka tu." Gulsun alipangusa paji la uso kwa kiwiko. "Lakini niambie wewe uliyejaribu. Almaz alikuwa na nini?"

Burulai alikuwa akijiuliza swali hilo hilo kwa miaka mitatu na hakupenda jibu lake. Almaz alikuwa mchekeshaji. Alikuwa akimwambia nguo hii inakufanya uonekane gunia la viazi, na nyama hii ungewapa mbwa wangekushitaki. Halafu siku moja katika mwezi, bila sababu, alimwangalia na kusema, "Hakuna mwanamke kama wewe bonde hili lote." Sifa hiyo ilikuwa kama jua la Januari, watu wanatoka nje kuliota kwa kuwa si la kila siku. Burulai aliishi kwa jua hilo moja mpaka lijalo. Katikati, alisikiliza. Alijua mlio wa geti ukoje Almaz akiwa na hasira, na funguo zinatuaje mezani akiwa na furaha. Kumsikiliza ilikuwa kazi yake ya pili, na aliifanya vizuri.

Alimwacha Almaz kwa jambo ambalo wengine waliliona dogo. Almaz aliendesha gari la abiria kwenda Bishkek. Siku moja ya theluji, wakiwa wawili tu, Burulai alimwomba apunguze mwendo kule juu mlimani. Almaz alisimamisha gari, akamwambia ashuke aangalie tairi, akaondoka. Alirudi baada ya dakika arobaini akicheka. Burulai, miguu imekufa ganzi, alipanda na kucheka naye, na akajisikia akicheka. Wiki iliyofuata alikuwa kwa kaka yake.

Kwa Ermek hakukuwa na cha kusikiliza. Geti lilifunguka vile vile kila siku. Akiulizwa chai ya rangi au ya maziwa, husema, "Yoyote tu." Burulai akisema baridi imezidi, alikubali. Akisema baridi imepungua, alikubali. Masikio ya Burulai, yaliyozoea kazi, yalichoka kwa kukosa kazi, na akaogopa kwamba wanakijiji wamemsema kweli.

Jumatano jioni, foleni ikiwa ndefu, gari la Almaz lilisimama mbele ya kituo. Alipiga honi, akashusha kioo.

"Burulai! Nasikia unaolewa na nguzo ya umeme."

Watu waligeuka. Burulai aliinamia debe.

"Hongera sana," Almaz aliendelea. "Nguzo haivuti sigara, haitoki usiku. Ila ukichoka kuiegemea, namba yangu unayo."

Na Burulai akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakishika, kama kikohozi. Almaz aliona, akainua nyusi, akaondoka akiwa ameridhika. Watu kwenye foleni waliangalia madebe yao.

Usiku huo hakula. Hakumtaka Almaz, hilo alilijua kama anavyojua jina lake. Lakini moyo wake uliruka kwa honi ile, na kwa Ermek haukuwahi kuruka. Alijiambia: kama moyo wangu ni wa namna hii, naolewa na mtu wa watu ili nimfanye nini?

Alhamisi asubuhi Mama Sonun alikuja mwenyewe na debe. Kwa kawaida lililetwa na jirani. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kipya, akawasalimia watu wote, akamwambia Burulai, "Umeamkaje, mwanangu," kwa sauti ya kusikika, kama anayejaribu neno hilo kabla ya kesho.

Burulai alitumbukiza laktomita. Ilizama. Akaitoa, akaipangusa, akaitumbukiza tena.

"Ishirini na tatu," akatangaza.

Hapo kazi yake ilikuwa imekwisha. Angeweza kufunika debe na kuita anayefuata. Badala yake alimsikia mtu nyuma akiguna kwa kicheko, na mdomo wake ukafunguka.

"Mama, ng'ombe wako siku hizi analishwa majani au anaoga mtoni?"

Watu waliangua kicheko. Mzee mmoja alisema afadhali atie na samaki. Mama Sonun alifunika debe lake taratibu, akajaribu kuliinua, likamzidi uzito, akaliburuta. Kitambaa cheupe kiliteleza mpaka begani, na hakukirudisha.

Burulai alipima madebe mengine kumi na moja. Namba zote alizisoma sawasawa.

Gulsun alikuwa na habari kabla Burulai hajafika nyumbani. "Wifi, wewe!" alisema mlangoni. "Mama mkwe wako! Siku moja kabla! Hata kama ametia bahari nzima!"

"Sheria ni moja kwa wote."

"Sheria ni namba. Ng'ombe anaoga mtoni imo kwenye sheria gani?"

Ermek alikuja alasiri, wakati Burulai akisuuza tangi. Alisimama mlangoni pa kituo. Burulai alijua atakavyosema: si kitu, usijali, mama ameshasahau. Alijiandaa kumdharau kidogo kwa hilo.

"Karibu chai," alisema bila kugeuka.

"Hapana. Leo sinywi chai yako."

Burulai aligeuka.

"Maziwa yalikuwa na maji," Ermek alisema. "Nimemuuliza mama, amekiri. Malai yote, yale mafuta ya juu ya maziwa, aliyaondoa jana, ya kuleta kwenu kesho, kwa sababu alisema haji kwa watu na mkate mkavu. Debe likapungua, akaona haya kulileta pungufu, akajaza. Alikosea. Ulifanya haki kuyakataa."

"Basi."

"Sijamaliza. Namba ilikuwa kazi yako. Kuwachekesha watu kwa mama yangu haikuwa kazi yako. Nimekasirika, Burulai."

Burulai alisikia mwili wake ukijiandaa wenyewe. Mabega yalipanda, macho yakaenda kwenye mikono ya Ermek. Ile mikono ilikuwa imening'inia tu, mmoja umeshika kofia. Alitafuta sauti yake, akasema, "Nilikuwa natania."

"Hukuwa unatania. Nadhani ulitaka asije." Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni na sauti ilitetemeka, lakini hakumwondolea macho. "Habari za jana nimezisikia, kijiji hiki hakina pazia. Umecheka, umecheka, mimi sina la kusema, yule mtu anachekesha. Lakini kama hutaki hereni, niambie mimi. Sema, Ermek sikutaki. Nitaumia, nitarudi kazini. Usimtumie mama yangu kunifukuza."

"Mbona siku zote unasema yoyote tu?" Swali lilimtoka Burulai kwa hasira kuliko alivyokusudia. "Chai yoyote, chakula chochote, kila neno ndiyo. Nitajuaje kama uko ndani humo?"

Ermek alifikiri. "Chai kweli naona ni sawa," alisema. "Mengine nilikuwa naogopa. Watu wananiambia wewe unapenda wakali, na mimi ukali siuwezi, nikaona ninyamaze nisikuudhi. Ni ujinga." Akavaa kofia. "Mama amesema kesho haji. Sikumbembeleza."

Akaondoka. Hakubamiza mlango. Burulai alibaki na mpira wa maji mkononi, akisubiri kilichozoeleka kufuata baada ya mtu kukasirika: adhabu, siku tatu za kununiwa, gari kuondoka. Hakukuja kitu. Ermek alikasirika, akasema sababu, akaenda. Kumbe jambo hilo linawezekana. Burulai alikaa juu ya debe lililopinduliwa, na kitu kimoja kilimjia wazi: asubuhi ile, mbele ya foleni, kinywa chake kilikuwa kinywa cha Almaz. Kwa miaka minane aliangalia namna inavyofanyika, na alipopata mtu mnyonge mbele yake alifanya vizuri tu.

Wanawake wanapenda wabaya, wanasema. Yeye hakuona kwamba aliupenda ubaya. Alipenda kutojua, na kuchaguliwa siku moja kati ya thelathini. Na wale walioitwa wema, wengi aliowaona walikuwa waoga tu, naye mwoga alimtambua upesi kwa sababu aliishi na mmoja ndani ya ngozi yake. Ermek leo aliogopa, na akasema hivyo hivyo.

Ijumaa alfajiri, kabla ya maziwa, alifanya jambo ambalo mwanamke anayeposwa halifanyi. Alikwenda nyumbani kwa mwanamume. Alipitia nyuma, hadi zizini, ambako Mama Sonun alikuwa akikamua.

"Mama."

Mikono ya bibi haikusimama. "Umeleta kipimo chako? Bado anakamuliwa. Kaa hapo, utapima yakiwa ya moto."

"Nimekuja kuomba radhi. Namba naisimamia. Maneno siyasimamii. Yalikuwa machafu."

Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. "Nina miaka sitini na sita," Mama Sonun alisema. "Sijawahi kutia maji. Mama mkwe wangu alikuwa akitia, nikamcheka moyoni miaka ishirini. Angalia sasa." Akamsukuma ng'ombe ubavuni. "Mwanangu alirudi jana, hakunibembeleza. Kanisema na mimi, kaniambia na wewe mama umekosa. Ni wewe uliyemharibu?"

"Nadhani alikuwa hivyo tangu zamani."

"Hm." Bibi alinyanyuka, mkono mmoja kiunoni. "Sikiliza. Nakuuliza mara moja, na hapa hakuna anayecheka. Unamtaka au unaona haya tu?"

Burulai alitamani kutoa jibu zuri. Moyo wake ulikuwa umetulia, haukuruka. "Sijui kama nampenda, mama. Ila jana alipokasirika nilitaka asiondoke."

"Mimi baba yake nilimpenda mwaka wa nne wa ndoa," Mama Sonun alisema. "Haya, toka. Hereni hazivaliwi zizini. Nitakuja saa nane, kama watu. Na ukiniona mlangoni, jifanye hukunitarajia."

Alikuja saa nane na dakika tano, pamoja na dada zake wawili na bakuli la malai yaliyofunikwa kwa kitambaa. Gulsun alitandika kitambaa cha chakula, akakijaza mkate, maandazi madogo na nyama ya kondoo, akatokwa na machozi kabla halijatokea lolote. Ermek hakuwepo, kama desturi inavyotaka. Burulai aliketi, akasogeza nywele nyuma. Mama Sonun alifungua karatasi, akatoa hereni za fedha zenye jiwe dogo jekundu.

Ya kulia iliingia. Ya kushoto ilikataa. Tundu lilikuwa limeanza kuziba, kwani ni miaka mitatu tangu azivue zile za kwanza. Bibi alikaza, akakunja uso, akakaza tena.

"Inauma?" aliuliza.

Katika maisha yake Burulai alikuwa ameulizwa swali hilo mara nyingi, na mara zote alijibu hapana.

"Inauma," akasema.

Mama Sonun alirudisha mkono. Akachovya kidole kwenye bakuli la malai, akampaka sikio taratibu, mbele na nyuma, akajaribu upya.