Muuza Mkaa wa Kaloleni

Mama anayeuza mkaa Kaloleni hapimi kopo kabla hajagonganisha vipande viwili. Mkaa wa mgunga hulia kama chuma, huo ni wa maharage. Wa mti wa mgrivea hulia kibubu. Unawaka upesi na kuisha upesi, wa chai tu. Makaa ya mawe hushika moto mpaka jioni, ila moshi wake hukaba koo. Mteja wake Simaloi alitaka hayo, kichanga mgongoni.

"Unapikia wapi, binti?"

"Ndani, mama. Si unaona mvua?"

Mikono myeusi ikayarudisha guniani. "Siuzi moto wa kufungiwa ndani pamoja na mtoto."

"Sasa tule nini?"

Mama akapima kopo la mgunga, akaling'oa bati lililofunika magunia yake, akamtwika.

"Liegeshe ukutani, upikie nje chini yake. Mkaa wangu ukilowa, nitauanika."