Haiinami

Land Rover ya Kelestini watu wa Ifakara waliipachika jina la Haiinami, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lake la ubatizo. Springi zake za nyuma alikuwa ameziongezea majani ya springi za lori, yakabanwa juu ya yale ya asili mpaka zikawa ngumu kama reli. Ipakie magunia ya mpunga kutoka Mbingu mpaka yafunike kioo cha nyuma, itasimama wima vilevile. Ikiwa tupu ilirukaruka na kuwagonga watu vichwa, lakini Kelestini aliwauliza abiria waliolalamika kama wao ni mayai, kisha akacheka.

Mwaka 1996, masika yalipokatika, kicheko hicho kilimtokea puani. Mkewe Yosefina aliugua kansa, ikamwingia kwenye uti wa mgongo, na daktari akasema kwa upole kwamba arudi tu nyumbani. Yosefina hakulia. Alichotaka ni kupelekwa kwao Mbingu, akafie mikononi mwa mama yake. Mama huyo, Bibi Apolonia, alikuwa kipofu na miguu ilishamgomea, na hata wangeweza kumleta mjini, Yosefina asingekubali.

"Nataka kitanda cha kwetu," alisema.

Treni ilikuwapo, lakini nani angempandisha kwenye ngazi za behewa mtu ambaye hata kugeuzwa kitandani alihitaji kuombwa radhi kwanza? Ikabaki Haiinami.

Walijaribu. Hata daraja la Lumemo hawakulifikia. Kwenye makorongo ya tope lililokauka Yosefina alipiga ukelele ambao Kelestini hakuwahi kuusikia, hata siku alipomzaa Dorika, mtoto wao. Kelestini akageuza gari. Alipokwisha kumlaza mkewe, alitoka nje akalipiga teke tairi la gari lake, akaumia kidole, na akaona amestahili.

Asubuhi iliyofuata aliipandisha Haiinami kwenye jeki uani, mbele ya dirisha la mgonjwa. Evaristo, kaka yake Yosefina, alikuja na spana zake. Wakazifungua springi, wakayatupa majani ya lori kando, na yale ya asili wakayakwangua kutu moja moja na kuyapaka grisi ili yateleze. Bushi walichonga kwa mpira wa tairi kuukuu. Shokapu Evaristo alizipata kwenye gari lililopinduka Mang'ula, zikawa ndefu kidogo, ikabidi vishikio vichomelewe upya.

"Baba Dorika," Yosefina aliita kutoka dirishani, "nyundo zenu zitaniua kabla ya ugonjwa."

"Vumilia, mama. Nakutengenezea kitanda."

"Kitanda gani kinanuka grisi?"

Wakacheka wote watatu, na kwa Yosefina kucheka kuliuma, lakini alicheka.

Sasa gari lingejaribiwaje? Kelestini aliweka godoro la mkewe nyuma, akalala chali juu yake kama alivyolala Yosefina, Evaristo akaendesha mpaka Kivukoni na kurudi. Watu njiani walidhani Kelestini ndiye mgonjwa, wakampa pole. Kila alipotikiswa alipiga ngumi bodi na kupaza sauti, "Hapa angelia! Hapa tena!" Wakirudi nyumbani wanafungua, wanapunguza jani, wanafunga, wanakwenda tena. Bibi Apolonia akatumiwa habari kwamba gari linatengenezwa, mwanawe anakuja.

Jumatano walimpakia Yosefina mwenyewe, wakamzungusha mtaani polepole. Alifumba macho. Walipomrudisha kitandani alikuwa na jasho usoni, ila hakuwa amelia.

"Inatosha," alisema. "Kesho twende."

"Springi za mbele bado zinagonga kidogo," Kelestini akasema. "Nipe mpaka Jumamosi."

"Baba Dorika, nimesema inatosha."

"Umeumia pale kwenye kona, nimekuona. Jumamosi hutasikia kitu kabisa."

Alimtazama mumewe muda mrefu, kisha akageuzia uso ukutani. Evaristo naye alimnong'oneza shemeji yake kwamba wangeenda tu. Kelestini akajifanya hamnazo. Ule ukelele wa Lumemo ulikuwa umemkaa kichwani, na aliapa hatausikia tena.

Hakuusikia. Ijumaa mchana, yeye akiwa chini ya gari anakaza nati ya mwisho, Dorika alitoka ndani akasimama karibu na miguu ya baba yake. Mama yake alikuwa ameshakata roho.

Jumamosi walimpeleka Mbingu. Ndugu walitaka kupanda pamoja na jeneza na kuimba, kama ilivyo kawaida, lakini Haiinami haikuweza tena mzigo wa watu, wakafuata nyuma kwa lori la jirani. Mbele alikaa shangazi mmoja tu. Kelestini aliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, akizunguka kila shimo.

"Baba," shangazi akasema hatimaye, "unamkwepeshea nani?"

Kelestini aliendelea kukwepa.

Bibi Apolonia alikuwa amekalishwa mlangoni. Jeneza lilipowekwa mbele yake alilipapasa kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudia. Kelestini akachutama, akamsalimia kwa heshima ya mkwe.

"Njia ilimtikisa mwanangu?" bibi akauliza.

"Hapana, mama. Hakutikisika hata kidogo."

"Kumbe gari lilipona."

"Lilipona, mama."

"Toka lini?"

Kelestini angeweza kusema jana, na hakuna ambaye angembishia. Evaristo alikuwa ameinamisha kichwa.

"Toka Jumatano," akasema, na hapo akalia mbele ya mama mkwe wake, mbele ya watu wote.