Sauti Iliyomchelewesha Mwalimu Dionis

Wanafunzi wa Kidato cha Nne ndio waliokuwa wa kwanza kuona kwamba Mwalimu Dionis amebadilika. Zamani alifundisha historia kama mtu aliyeishi enzi hizo. Akianza kueleza misafara iliyotoka pwani kupitia Unyanyembe hadi Ujiji, darasa lilisahau kengele. Sasa alikuwa akisema nusu sentensi, ananyamaza, anasikiliza kispika alichokivaa sikioni, kisha anaendelea pasipohusika. Siku moja aliwatoa wapagazi wa msafara Kigwa, mashariki ya Tabora, akawashusha ziwani moja kwa moja, Tabora yenyewe akairuka. Darasa lilicheka, naye akasikia.

Dionis alikuwa haoni. Presha ya macho ilimwibia nuru polepole akiwa tayari mwalimu, na kwa muda mrefu mkewe, Gaudensia, ndiye aliyekuwa macho yake: alimsomea vitabu, alimwandikia masomo, alimsahihishia mitihani. Kisha ikaja laptop yenye programu ya kusoma kwa sauti kila kilichomo kwenye kioo, akawa anaingia nayo darasani na kusikiliza masomo yake sikioni. Aliinunua mtaa wa Gongoni kwa Soud, muuza kompyuta, aliyemwapia kwamba prosesa yake ina viini vinane. "Yaani mwalimu, ni kama kichwa kimoja chenye bongo nane." Jioni ile Dionis alimwambia mkewe kwa furaha, "Mama Recheli, sasa pumzika. Sikusumbui tena." Gaudensia aliitikia, akaenda zake jikoni, wala hakusema kwamba maneno yale yalimchoma.

Tangu likizo ya Desemba, ile sauti ilianza kuchelewa. Dionis akibonyeza, kimya. Akibonyeza tena, mistari miwili inakuja kwa mpigo na mmoja unampita. Hakuishuku mashine. Kila mara alijiuliza kama kweli alikuwa amebonyeza, au alikuwa amesikia akasahau. Baba yake, kule kijijini, alimaliza maisha akimwita kila mtu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Mwanzo wake ulikuwa hivihivi: kunyamaza katikati ya maneno.

Mkuu wa shule, Mwalimu Apolinaria, akamwita ofisini.

"Karibu ukae, mwalimu. Nimekupunguzia vipindi. Kidato cha Nne atakichukua Lugembe."

"Lugembe amekuja juzi tu, Mkuu. Nimekosea nini?"

"Karatasi yako ya mtihani. Kuna swali limejirudia, na jingine limekatika katikati. Wazazi wameniuliza, nikakosa la kuwaambia." Akashusha sauti. "Sikufukuzi. Pumzika kidogo. Ukapime afya."

Nyumbani, mtaa wa Ipuli, alimweleza mkewe kwa kifupi, akitarajia pole. Gaudensia aliweka chini bakuli la mchele aliokuwa akiuchambua.

"Na macho ulisema hivihivi," alisema. "Ni uchovu, ni vumbi. Mpaka ulipojigonga kwenye mlango wa kanisa mbele ya watu ndipo nikajua nimeolewa na kipofu. Safari hii unanificha nini?"

"Sikufichi kitu."

"Baba Recheli, mimi nilimuuguza baba yako. Usinidanganye."

Siku zile Dionis akawa anajifungia na laptop yake, akirudiarudia kazi ileile kama mtu anayejipima homa.

Jumamosi mvua iliponyesha, bati likipiga kelele, Gaudensia aliingia kufunga dirisha, akasimama nyuma ya mumewe. Dionis alikuwa akiandika. Vidole vyake vilikwenda upesi kama zamani, kisha vikatulia, akawa anasubiri kichwa kikiwa upande.

"Umeandika nini?" Gaudensia aliuliza.

"Pembe za ndovu."

"Hapa pameandikwa pe tu." Akainama karibu zaidi. "Ngoja. Sasa m imetokea. Na b. Dionis, hujagusa kitu?"

"Mikono yangu hii hapa magotini."

"Herufi zinakuja zenyewe, mojamoja, kama wagonjwa wanaojikokota."

Dionis aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mtu kumwambia kitu ambacho sauti ya sikioni isingeweza kumwambia: kwamba kioo nacho kilichelewa.

"Kaa hapa," alisema, na mkono wake ukautafuta wa mkewe. "Niazime macho."

Alimwelekeza kufungua dirisha la kompyuta linaloonyesha jinsi prosesa inavyofanya kazi. Gaudensia akasoma polepole, neno kwa neno. Kulikuwa na mstari uliopanda hadi juu kabisa na kung'ang'ania huko. Asilimia mia.

"Viini vingapi?"

"Kimoja."

"Haiwezekani. Vipo vinane."

"Mimi nakusomea kilichoandikwa. Kimoja."

Dionis akajipiga paji la uso. Wakati wa likizo alisikiliza video ya mtu mtandaoni aliyesema kuna mahali katika mipangilio ya kuwasha kompyuta pa kuchagua idadi ya viini, ukiweka tiki mashine inakimbia kama swala. Akaweka tiki. Hakujua kwamba chini yake palikuwa na namba inayosubiri kuchaguliwa, na kwamba namba hiyo ilikuwa moja.

"Nilitaka iongeze mwendo," alisema. "Kumbe nimewaketisha wapagazi saba, mizigo yote nikamtwisha mmoja."

Wakaenda mpaka pale kwenye tiki, Gaudensia akaiondoa. Wakazima pia programu zilizojiwasha zenyewe kila asubuhi bila kazi yoyote, na hapo Gaudensia akateleza, akaifunga ile ya kusoma. Sauti ikakatika. Dionis alishika ukingo wa meza kama mtu aliyeachwa barabarani. "Nipo," Gaudensia alimwambia. "Niambie nibonyeze wapi." Akamwambia, wakairudisha, kisha wakaizima kompyuta na kuiwasha upya.

Safari hii sauti ilijibu kabla kidole hakijainuka. Dionis aliandika sentensi ndefu, ikamfuata neno kwa neno.

Jumatatu alimweleza Mkuu kila kitu. Mwalimu Apolinaria alimsikiliza hadi mwisho, akafurahi kweli, lakini akasema ratiba imeshatangazwa na Kidato cha Nne wameshamzoea Lugembe. Labda mwakani. Dionis alishukuru, akashika fimbo yake na kwenda kuwafundisha Kidato cha Kwanza.

Jioni alimkuta mkewe akilisha kuku.

"Mama Recheli. Mwezi uliopita nilipotea nikitoka kanisani. Njia ileile ya kila Jumapili. Nilisimama nisijue nyumbani ni upande gani, mpaka mama mmoja akanishika mkono. Pale hapakuwa na kompyuta."

Gaudensia aliacha kuku wamzonge miguuni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungeniangalia kama ulivyomwangalia baba."

Hakumkemea. Alikung'uta pumba mikononi, akamsogelea.

"Kesho tunakwenda hospitali. Una kipindi saa ngapi?"

"Kesho sina kipindi," Dionis alisema. "Si nimepunguziwa."

Walicheka kidogo, kicheko kisichomfurahisha yeyote kati yao, kisha Gaudensia akaingia ndani kumpigia pasi shati.